Nungwi, Diani au Ghuba ya Chole: wapi pa kujifunzia kupiga mbizi kwa mtungi?

Anayetaka kujifunza kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa katika pwani ya Afrika Mashariki hana haja ya kuhofia baridi. Maji yetu huwa na joto la nyuzi 24 au 25 hivi kati ya Julai na Septemba, na hukaribia nyuzi 30 ifikapo Machi, kiasi kwamba suti nyembamba ya milimita 3 huwatosha wengi. Kazi iko kwenye kuchagua. Likizo ni ya siku chache, ada ya kozi si ndogo, na kila aliyekwisha kuzamia husifia pale alipozamia yeye. (Neno lenyewe lina utata wake: ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda kuzamia, atadhani unatafuta meli ya kujifichamo ufike Ulaya. Humu nitasema kupiga mbizi.)

Nimelinganisha sehemu tatu: kaskazini ya Unguja (Nungwi, Kendwa na Mnemba); Diani pamoja na Kisite, kusini ya Mombasa; na Ghuba ya Chole kisiwani Mafia. Watamu na Pemba nitazigusa mwishoni. Sikuzipima kwa wingi wa samaki, kwa sababu mwanafunzi samaki hawaoni. Siku mbili za mwanzo macho yako yatakuwa kwenye geji ya hewa na kwenye mikono ya mwalimu, na akili yako yote itakuwa masikioni.

Vigezo

Kozi ya cheti cha kwanza, iwe ya PADI au ya SSI, mashirika ya kimataifa yanayotoa vyeti vya kupiga mbizi, kwa kawaida huchukua siku tatu au nne. Kuna nadharia, kuna mazoezi ya bwawani au kwenye maji machache yaliyotulia, kisha kuna mbizi nne za baharini zisizopita mita 18. Kwa utaratibu wa PADI, mtoto wa miaka 10 huruhusiwa kujiunga, ila mwenye miaka 10 au 11 hapiti mita 12. Mwanafunzi hutakiwa kuogelea mita 200 bila kifaa, au mita 300 akiwa na miwani, neli na mapezi, kisha aelee kwa dakika 10. Hujaza pia fomu ya afya, na akikiri kuwa na pumu, maradhi ya moyo au jambo jingine la namna hiyo, hupelekwa kwa daktari kwanza. Mjamzito hapigi mbizi kabisa.

Kigezo cha kwanza, kwa hiyo, ni utulivu wa maji. Zoezi linalowashinda wengi halihusu kina, linahusu miwani: unapiga magoti juu ya mchanga kwenye maji ya mita mbili au tatu, unaachia maji yaingie ndani ya miwani mpaka yafunike macho na kugusa pua, kisha unabana ukingo wa juu kwa vidole, unainua kidevu kidogo na kutoa pumzi kwa pua hadi maji yote yatokee kwa chini. Kwenye mchanga uliotulia ni jambo la sekunde kumi. Pale ambapo wimbi linakupeleka mbele na kukurudisha nyuma, pua hupokea maji, kifua hubana, na mkono hutafuta njia ya juu kabla akili haijakumbuka kwamba hewa ipo mdomoni. Masikio nayo yana haki yao, maana ujazo wa hewa iliyo ndani yake hubadilika haraka zaidi karibu na uso wa maji: kwenye mita 10 tayari mgandamizo umekuwa mara mbili ya ule wa juu, na kila baada ya mita moja hivi unahitaji kubana pua na kupuliza taratibu. Mwenye mafua aahirishe.

Cha pili ni upepo na mwezi, na hapa nadhani ndipo watu wengi hukosea. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, kaskazi huanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Machi, na kati yake kuna majira ya tanga mbili, pepo zinapolegea. Hayo kila mtu wa pwani anayajua. Kinachosahaulika ni bamvua. Mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, maji hujaa na kupwa kwa tofauti inayoweza kukaribia mita 4, mkondo hukimbia, na mchanga huinuka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari ileile huwa kama imelala. Mimi nilijifunza katikati ya kusi, wiki ya mwezi mpevu, katika shule ambayo sitaitaja, tukiwa wanafunzi saba kwa mwalimu mmoja. Zoezi la miwani nililirudia mara nne bila kufaulu, nikatapika juu ya mashua, na nikarudi nyumbani nikiamini kwamba bahari imenikataa. Miezi mitatu baadaye, siku ya maji mafu, nililimaliza mara ya kwanza. Mahali palikuwa palepale.

Cha tatu ni mwalimu. Taratibu za PADI huruhusu wanafunzi hadi 8 kwa mwalimu mmoja baharini. Hilo ni kikomo tu, na kwa maoni yangu mwanafunzi mwoga asikubali kundi linalozidi wanne. Lugha nayo ni suala la usalama. Vitabu vingi vya kozi vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini walimu waliozaliwa Nungwi au Diani wapo, na anayeelezwa kwa Kiswahili kwa nini hapaswi kuzuia pumzi anapopanda juu hulielewa jambo hilo mara moja. Uliza kabla ya kulipa.

Cha nne ni gharama zote kwa ujumla. Ada ya kozi katika pwani hii mara nyingi huwa kati ya dola 400 na 600. Tofauti halisi hutokea kwenye malazi, usafiri na ada za hifadhi, na mara nyingi raia na wakazi hutozwa ada ndogo za hifadhi kuliko wageni, kwa hiyo usiache kitambulisho nyumbani.

Cha tano ni safari ya kurudi. Baada ya mbizi za siku kadhaa mfululizo, mwili huwa umebeba naitrojeni ya ziada, na mwongozo wa kawaida ni kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Wengi wanalijua hili la ndege, ila hawalifikirii kuhusu milima. Mwongozo huohuo unahusu mwinuko wowote unaozidi takriban mita 600. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Arusha inakaribia 1,400, na Kampala, Dodoma na Kigali zote zimepita 1,000. Anayemaliza mbizi ya nne asubuhi na kupanda treni ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi alasiri amepanda mlima kwa saa tano, hata kama hakuona wingu karibu. Siku ya kupumzika lazima ihesabiwe ndani ya likizo.

Kaskazini ya Unguja: Nungwi, Kendwa na Mnemba

Maji. Ufuo wa Kendwa haupwi mbali, tofauti na Paje au Jambiani ambako maji yakipwa mtu hutembea muda mrefu juu ya mchanga na mwani kabla ya kulowa kiuno. Faida yake kwa mwanafunzi ni kwamba mazoezi ya maji machache hayasubiri saa ya maji kujaa. Kwa mbizi zenyewe kuna miamba ya upande wa Tumbatu, iliyo karibu, na kuna Mnemba, kisiwa kidogo kilichozungukwa na matumbawe ambako siku nzuri mtu huona mita 20 na zaidi, na kasa ni wenyeji. Mnemba kuna mchanga mweupe kwenye kina kidogo, na mteremko wake ni wa polepole, mambo yanayomfaa anayeanza. Kasoro yake ni msongamano. Asubuhi za msimu mkuu mashua za waogeleaji na za wanaofuata pomboo hupanga foleni hapo, na safari ya kuzunguka kichwa cha kisiwa kwa mashua ya mbao, kwa mtu anayechafukwa, humchosha kabla hajavaa mtungi.

Msimu. Huu ndio ubora mkubwa wa Nungwi. Kwa kuwa iko kwenye ncha, kusi ikivuma, upande wa magharibi hupata kivuli, kwa hiyo kuna mahali pa kuzama karibu mwaka mzima, ukiacha wiki za masika, hasa Aprili na Mei, ambapo biashara nyingi hufungwa.

Walimu. Shule ni nyingi kuliko kwingineko katika ulinganisho huu. Wingi huo humpa mteja nafasi ya kuchagua lugha na kujadili bei, lakini huleta pia makundi makubwa na mwendo wa harakaharaka, kwani mwalimu huyohuyo huenda ana wanafunzi wengine wanaomsubiri keshokutwa. Ukifika Nungwi bila kuweka nafasi, zunguka shule tatu, uangalie vifaa vinavyooshwa baada ya safari na jinsi mitungi inavyopangwa, ndipo uamue.

Gharama na safari. Boti kutoka Dar es Salaam hufika Mjini kwa saa mbili hivi, na kutoka hapo ni kilomita 60 hivi za barabara. Malazi yapo ya kila kiwango, ingawa Desemba na Agosti bei huruka. Kwa anayeishi Dar kuna njia fupi zaidi ambayo haisemwi sana: kujifunza kutokea Mji Mkongwe wenyewe. Miamba ya Pange na Bawe iko karibu, mingine haifiki mita 15, na mabaki ya meli ya nyaya za simu iitwayo Great Northern, iliyozama mwaka 1902, yamelala kwenye mita 12 hivi, ndani kabisa ya kina cha mwanafunzi. Maji ya huko si meupe kama ya Mnemba, ila safari ya mashua ni fupi na bahari imekingwa.

Anayefaa. Mwenye ratiba isiyobadilika, anayesafiri na watu wasiopiga mbizi wanaotaka shughuli nyingine, au anayetaka kuchagua mwalimu mwenyewe.

Diani na Kisite

Maji. Mwamba wa Diani umekwenda sambamba na ufuo, na ndani yake mna maji ya kina kidogo. Nje ya mwamba bahari hushuka hadi mita 20 na zaidi, na mkondo hupita kando ya pwani, kwa hiyo mbizi nyingi ni za kuchukuliwa na maji huku mashua ikifuata mapovu. Mwanafunzi anaweza kuogopa jambo hilo, au akalipenda kwa kuwa halimtaki apige mapezi sana. Inategemea mwalimu amemwandaa vipi. Kisite, ndani ya hifadhi inayosimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kusini ya kisiwa cha Wasini, maji ni ya bluu, uvuvi umekatazwa na matumbawe yako kwenye kina kinachomfaa anayeanza, ingawa kufika huko ni barabara hadi Shimoni kisha mashua. Kuhusu mabaki ya chombo cha uvuvi Alpha Funguo, ambayo picha zake huwavuta wengi, yako chini ya kikomo cha mita 18; yaache kwa cheti cha pili.

Msimu. Oktoba hadi Machi ndio wakati wake. Kusi hupiga ufuo huu usoni, na kuanzia Mei hadi Julai shule nyingi hupunguza kazi au hufunga kabisa. Anayepata likizo Juni asijilazimishe.

Walimu. Diani hufundisha vizuri sana hatua ya bwawani. Hoteli ni nyingi, mabwawa ni marefu ya kutosha, na mwanafunzi anaweza kumaliza mazoezi yote ya miwani, ya kubadilishana hewa na ya kuelea bila kuguswa na wimbi. Kwa mtu mwoga jambo hili huzidi uzuri wa matumbawe yoyote. Makundi, nje ya Krismasi na Pasaka, si makubwa.

Gharama na safari. Kwa Mkenya huku ndiko rahisi: treni hadi Mombasa, kisha kivuko cha Likoni au barabara ya Dongo Kundu, au ndege hadi Ukunda. Watu wa Tanga nao wasijisahau, kwani kupitia mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, Diani iko karibu nao kuliko wanavyodhani. Vyumba vya kujipikia vipo vingi na hupunguza gharama kwa familia.

Anayefaa. Familia yenye watoto wa miaka 10 na kuendelea, mtu anayehitaji muda mrefu bwawani, na mkazi wa Nairobi anayekumbuka kuacha siku moja kabla ya kupanda nyumbani.

Ghuba ya Chole, Mafia

Maji. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ghuba ya Chole iko ndani yake, imekingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na kwa sababu hiyo mawimbi makubwa ya bahari kuu hayaingii. Matumbawe huanza kwenye kina cha mita chache, mikunga na makundi ya samaki wadogo hukaa palepale siku zote, na unaweza kumaliza mbizi zote nne bila kutoka nje ya ghuba. Lakini ghuba hii inatawaliwa na maji kujaa na kupwa kuliko sehemu nyingine mbili. Maji yakiingia kupitia mlango wa Kinasi huleta usafi wa bahari kuu. Yakitoka hubeba tope la mikoko, na mwonekano hupungua. Mlango wenyewe wakati wa bamvua una mkondo mkali usiomfaa mwanafunzi hata kidogo. Ufuo wa Utende, kijiji kilicho ukingoni mwa ghuba, nao hupwa, kwa hiyo leo mashua itaondoka saa moja asubuhi, kesho kutwa karibu saa tatu, na hakuna wa kumlalamikia.

Msimu. Ndani ya ghuba mtu huweza kujifunza hata kusi ikivuma. Nje ya mwamba ni wakati wa kaskazi na tanga mbili tu. Wengi huichagua Mafia kwa ajili ya potwe, papa mkubwa mwenye madoa anayekula viumbe vidogo, ambaye huonekana upande wa Kilindoni kati ya Oktoba na Februari au Machi. Sababu hiyo ni nzuri ya kwenda Mafia, lakini si sababu ya kujifunza huko: potwe hutazamwa kwa miwani na neli juu ya maji, bila mtungi na bila cheti.

Walimu. Shule ni chache, makundi ni madogo, na mara nyingi mwanafunzi hujikuta na mwalimu peke yake au na mwenzake mmoja. Ni anasa ambayo Nungwi ingeuzwa ghali. Upungufu ni kwamba mwalimu asipokupendeza huna pa kuhamia, na mafundisho ya mwanzo huenda yakafanyikia ufuoni badala ya bwawani.

Gharama na safari. Ada ya hifadhi huhesabiwa kwa siku, malazi ya Utende mengi si ya bei ya chini, na usafiri ni ndege ndogo ya kama nusu saa kutoka Dar es Salaam au boti ya Nyamisati hadi Kilindoni. Boti ni nafuu sana, lakini kusi ikishika njia hiyo huchafuka. Kumbuka pia kwamba huku uko mbali na hospitali kubwa. Popote uendapo, uliza chumba cha kutibu maradhi ya mgandamizo, yaani yale yaletwayo na naitrojeni ya ziada mwilini, kiko wapi na mgonjwa hufikishwaje. Mafia uliza mara mbili, na usilipe mpaka ujibiwe.

Anayefaa. Mtu mtulivu, mwenye siku sita au saba, asiyehitaji bwawa wala burudani ya usiku, anayekubali kupangiwa saa na mwezi.

Watamu na Pemba

Watamu, ambayo hifadhi yake ya bahari ni ya mwaka 1968, hufanana na Diani kwa msimu na kwa maji, ikiwa na mji mdogo na utulivu zaidi. Anayeifikia kirahisi kutoka Malindi asivuke kwenda kusini kwa sababu ya jina tu. Pemba ni jambo jingine. Miamba yake hushuka wima kwenye kina kirefu na mikondo yake ina nguvu, na ingawa karibu na Misali kuna maji matulivu, ninamshauri mtu aende huko akiwa na cheti mfukoni na mbizi ishirini nyuma yake.

Kwa hali yako

Ikiwa likizo yako ni Juni hadi Agosti na haibadiliki, chagua kati ya magharibi ya Nungwi na ndani ya Ghuba ya Chole, kisha weka mbizi za baharini kwenye siku za maji mafu. Ikiwa unaweza kuchagua mwezi, Oktoba na Novemba hukupa nafasi katika sehemu zote tatu, mradi utazame mvua za vuli. Ikiwa hofu yako ni maji yenyewe, bwawa la Diani, au hata bwawa la mjini kwako, ndilo pa kuanzia: shule nyingi hukubali mwanafunzi amalize nadharia na mazoezi ya bwawa Nairobi au Dar es Salaam, kisha apeleke hati zake pwani kwa mbizi nne tu, na njia hii huokoa siku mbili za hoteli. Ikiwa unasafiri na mwenzi asiyetaka kulowa, Chole atachoka siku ya pili. Ikiwa unafunga Ramadhani, ahirisha kozi, kwa kuwa upungufu wa maji mwilini huongeza hatari ya maradhi ya mgandamizo. Mwanamke anayevaa hijabu atapata suti ndefu na kofia yake katika shule zilizozoea wenyeji, na akumbuke kanga ya kujifunga anaposhuka Utende, Wasini au Nungwi, ambako ufuo ni njia ya watu kwenda msikitini na sokoni.

Na ikiwa mita 200 za kuogelea bado zinakushinda, usichague hata moja kati ya hizi kwa sasa. Tafuta mwalimu wa kuogelea karibu na kwako, lipia miezi mitatu, na weka nafasi ya kozi kwa wiki ya nusu mwezi katika Oktoba ijayo.